Hadithi ya Maji Iliyovuka Bahari

Kaeni vizuri, mwenye miwani avae miwani yake, na mwalimu wa darasa aisogeze redio karibu na wale walioketi nyuma. Maneno ya somo hili yamechapwa katika karatasi mlizo nazo, basi asiyesikia vema leo ataweza kuyasoma kesho kwa nafasi yake.

Leo nawasalimu hasa wanafunzi wa darasa la watu wazima la Endasak, chini ya Mlima Hanang, maana barua yao ndiyo iliyozaa somo hili. Imeandikwa na mama mmoja, naye asema ni barua ya kwanza aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Herufi zimesimama imara. Ni mstari mmoja tu uliopanda mlima. Mama huyu aeleza kwamba mwanawe alimwonyesha katika simu filamu moja fupi ya Kiafrika, juu ya watu wa siku zijazo wasio na maji. Kijana akamwambia kuwa filamu hiyo ilipendwa Marekani. Ndipo mama auliza maswali mawili. La kwanza: "Mimi hutoka alfajiri na punda na madumu manne kwenda kutafuta maji. Shida hii naijua. Kwa nini mtu akae atunge hadithi ya uongo juu yake?" La pili: "Na hao watu wa Marekani, wenye mabomba ndani ya nyumba, wameona nini humo?"

Maswali haya ni mazuri, na la pili ni gumu kuliko la kwanza. Tuanze na jina la filamu.

Mwalimu, andika ubaoni: PUMZI. Herufi tano. Someni pamoja: pu-mzi. Ni neno letu la Kiswahili, ni ile hewa uivutayo na kuitoa. Filamu ilitengenezwa mwaka 2009, na urefu wake ni dakika zipatazo 21 tu, hata chungu cha maharage hakijachemka vema. Aliyeitunga na kuiongoza ni Wanuri Kahiu, mwanamke wa Kenya aliyezaliwa Nairobi mwaka 1980 na kusomea kazi ya filamu huko Los Angeles, Marekani. Ilipotoka ilitangazwa kuwa ni filamu ya kwanza ya Kenya ya namna hii, yaani hadithi ya kubuni iliyojengwa juu ya mambo ya sayansi.

Sasa sikilizeni hadithi yenyewe.

Ni miaka 35 baada ya vita kuu ya tatu ya dunia, na vita hiyo ilikuwa ya kugombea maji. Nje, nchi yote ni jangwa. Watu waliosalia katika nchi yetu hii ya Afrika ya Mashariki waishi ndani ya jengo moja kubwa lililofungwa kabisa, na jumuiya yao yaitwa Maitu. Hakuna atokaye. Kila mtu hupewa maji kidogo kwa kipimo. Jasho lake hulikusanya, mkojo wake husafishwa, naye huyanywa tena. Umeme nao hutoka katika miili ya watu: huzungusha mashine kwa nguvu zao kila siku, na mashine hizo ndizo ziwashazo taa.

Humo mna msichana aitwaye Asha, ambaye kazi yake ni kutunza jumba la makumbusho, mahali wanapohifadhi mabaki ya miti na mimea iliyokuwapo zamani. Siku moja aletewa kisanduku kisichoandikwa jina la aliyekituma. Ndani mna udongo. Aupima kwa vyombo vyake, aona una maji mengi tena hauna sumu. Aunusa, na mara aota ndoto ya mti mkubwa wenye majani mabichi. Katika jumuiya ile hata ndoto zimekatazwa, zina vidonge vyake vya kuzizuia. Asha achukua mbegu ya kale, aitia katika udongo ule, nayo yachipua.

Basi aomba kibali cha kutoka nje. Baraza lamnyima, kwa kuwa wao wamekwisha sema kwamba nje hakuna kitu kilicho hai. Yeye atolewa katika kazi yake, apelekwa kwenye mashine za umeme. Mwanamke mmoja, mfanya usafi, amsaidia kutoroka. Asha atembea jangwani, jua kali, na kichupa chake cha maji na mche wake. Anapofika mahali alipopaota, mti aukutao ni mkavu. Aupanda mche pale, aumwagia maji yake yote ya mwisho, kisha alala akiukinga na jua kwa mwili wake. Filamu yaishia hapo, lakini kabla ya kwisha twauona mti ukikua pale alipolala.

Mtasema, "Kumbe alikufa." Ndiyo, naona hivyo. Wengine hubishana juu ya jambo hilo, nanyi mkitaka bishaneni.

Turudi kwenye swali la kwanza la mama wa Endasak: kwa nini kutunga uongo? Mama yangu, hadithi ya namna hii haitaki kukudanganya. Mtunzi huchukua jambo moja la kweli la leo, kisha huuliza: likizidi, litafika wapi? Wanuri Kahiu amepata kueleza kwamba mawazo yake yalianza kwa kuudhika tu: aliudhika kwamba maji safi lazima ayanunue katika chupa. Akajiuliza, ikiwa leo twanunua maji, je, kesho hatutanunua hewa? Ndiyo maana jina la filamu ni Pumzi.

Tazameni sasa jinsi mambo yaliyomo yalivyo karibu na kweli. Kunywa maji yaliyotoka katika uchafu wasikia ni kinyaa, lakini mji wa Windhoek katika Namibia, nchi kavu kweli kweli, umekuwa ukiyasafisha maji machafu ya mjini na kuyarudisha katika mabomba ya kunywa tangu mwaka 1968. Watu wakaao angani katika kituo cha kimataifa, walianza kunywa maji yaliyosafishwa kutoka mkojo wao mwaka 2009, mwaka ule ule filamu ilipotengenezwa. Na mbegu je? Ninyi wakulima najua mtacheka, maana mbegu ya mahindi iliyokaa ghalani miaka michache tu huwatia hasara. Mimi pia nilicheka. Lakini huko Israeli mwaka 2005 wataalamu waliotesha mbegu ya mtende yenye umri wa miaka ipatayo 2,000, nayo ikawa mti.

Hata neno Maitu si la bure. Mwanzoni filamu yenyewe yalieleza: ni neno la Kikikuyu, maana yake mama. Tena yaligawa neno hilo vipande viwili, ikasema maana yake ni "ukweli wetu." Mwalimu aliyezoea kugawa maneno kwa silabi ataipenda sana sehemu hiyo. Mwaka huo huo wa 2009 Wanuri Kahiu alitengeneza pia filamu ya mambo ya kweli juu ya Wangari Maathai, yule mama wa Kenya aliyeanzisha mwaka 1977 kazi ya kuwaongoza wanawake kupanda miti, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Basi msichana apandaye mti jangwani hakutoka mawinguni.

Sasa swali la pili, lile gumu. Hadithi ya watu wa mbali hupataje watazamaji? Kabla sijawapeleka Marekani na Pumzi, nataka kuwaeleza habari ya hadithi nyingine iliyotangulia kupita njia hiyo, nayo ilitoka Uingereza.

Tarehe 23 Novemba, 1963, televisheni ya BBC mjini London ilianza mchezo uitwao Doctor Who, maana yake ni kama kuuliza "Daktari nani?" Huyo Daktari si mtu wa dunia hii. Husafiri katika wakati, mara zamani, mara zijazo, ndani ya kibanda cha buluu kama vile vibanda vya simu vya polisi wa Kiingereza. Kwa nje ni kidogo, kwa ndani ni kikubwa. Mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, alipoondoka mwaka 1966, watunzi hawakuumaliza mchezo. Walisema tu kwamba Daktari aweza kubadili mwili, wakamleta mwigizaji mwingine. Werevu huo ndio uliouwezesha mchezo kudumu miaka mingi baada ya mwigizaji wake wa kwanza kuondoka.

Mchezo huu uliuzwa nchi nyingi, ukiwa katika mikanda ya filamu iliyotiwa ndani ya makopo na kusafirishwa. Hata Kenya na Uganda ziliununua. Kenya ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1962, Uganda tangu 1963. Sisi wa Tanzania tulichelewa: Zanzibar ilipata yake mwaka 1974, na Bara tulingoja hata 1994. Kwa hiyo mzee wa Endasak akisema hakupata kumwona Daktari huyo, hana kosa.

Lakini Marekani, nchi tajiri yenye televisheni kila nyumba, Daktari alibisha hodi asifunguliwe. Mwaka 1972 vipindi vyake viliuzwa kwa vituo vichache, wala havikushika. Mwaka 1978 wakajaribu tena, safari hii na mwigizaji Tom Baker, mtu mrefu, nywele za mawimbi, amejifunga shali ndefu hata inaburura. Wauzaji waliona Wamarekani hawatauelewa mchezo, basi wakamwajiri mwigizaji wa Kimarekani, Howard Da Silva, awe akisema juu ya picha: jana mambo yalikuwa hivi, kesho yatakuwa vile.

Nadhani sasa mmekwisha cheka. Hivyo ndivyo ifanywavyo katika mabanda yetu ya video! Filamu ya kigeni yaonyeshwa, na mtu wetu amekwisha tia sauti yake juu kwa Kiswahili, aeleza nani ni nani, tena aongeza na vichekesho vyake. Sisi tuna haki, maana lugha ya filamu hatuijui. Lakini Waingereza na Wamarekani husema lugha moja, na bado walihitaji mtu wa kuwaeleza. Mjue basi kwamba kuelewa hadithi ya wenzako si kazi ya lugha peke yake.

Waliompokea Daktari safari hiyo hawakuwa makampuni makubwa. Vilikuwa vituo vya televisheni vya umma, ambavyo kwa sehemu huishi kwa michango ya watazamaji. Watu walipiga simu na kutoa fedha zao ili mchezo wanaoupenda usiondolewe. Wakafanya vyama, wakakutana, wakashona shali kama ile. Hawakuwa watu wengi kama watazamaji wa mpira, lakini walikuwa waaminifu, nao walitosha kuufungulia mchezo mlango.

Basi kwa miaka mingi hadithi za siku zijazo zilisafiri kutoka nchi za kaskazini, zikauzwa kwao wenyewe na kwetu. Sisi tulikuwa watazamaji. Januari 2010 hadithi ya namna hiyo ikapita njia kwa upande wa pili: Pumzi ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Sundance, katika mji wa Park City, jimbo la Utah, Marekani.

Tamasha la filamu ni nini? Fikirini mnada wa mifugo. Mfugaji huleta ng'ombe wake, wengine huleta blanketi na sufuria, wanunuzi hupita wakitazama meno na kwato. Wako waliokuja kununua, wako waliokuja kutazama tu, na habari zote za wilaya hupatikana hapo siku hiyo. Sundance ni mnada wa filamu, na kuingiza mnyama wako humo si rahisi, maana wengi huletwa na wachache huchaguliwa. Filamu ya dakika 21 yaweza kupita humo pasipo kuonekana. Pumzi ilionekana. Magazeti ya Marekani yaliandika habari zake, na tangu hapo hufundishwa katika vyuo vikuu, huko na kwingineko, kila watu wanaposoma jinsi Waafrika wanavyoziwaza siku zijazo. Mwenyewe Wanuri Kahiu aliendelea kupewa kazi huko. Mwaka 2022 aliongoza filamu ya Kimarekani, Look Both Ways, iliyoonyeshwa na kampuni ya Netflix.

Je, waliona nini? Kwanza, maneno katika Pumzi ni machache sana, na machache hayo ni ya Kiingereza ingawa jina ni la Kiswahili. Hapakuhitajiwa mtu wa kueleza juu ya picha. Msichana ananusa udongo. Aliyewahi kusikia harufu ya mvua ya kwanza amekwisha elewa.

Pili, mama yangu, mtu mwenye bomba ndani ya nyumba si kwamba hana hofu ya maji. Utah ni miongoni mwa majimbo makavu kabisa ya Marekani. Lina ziwa kubwa la chumvi, nalo lilizidi kupungua mwaka hata mwaka, mpaka mwaka 2022 likashuka kuliko lilivyopata kupimwa. Ninyi mlioliona Ziwa Balangida likirudi nyuma wakati wa kiangazi na kuacha chumvi, mwaweza kukaa na mtu wa Utah mkazungumza habari hiyo mpaka usiku. Hofu yake ni ya kesho, yako ni ya leo alfajiri. Hapo ndipo tofauti ilipo, nami sitaki kuificha: yeye alitazama jangwa lile kwa dakika chache za burudani kisha akaenda kunywa chai, nawe ulipomaliza kuitazama, dumu lilikuwa bado tupu.

Tena ninyi wa Hanang mwajua upande wa pili wa jambo hili, ambao filamu haikuugusa. Tarehe 3 Desemba, 2023, maji na tope viliteremka kutoka mlimani na kuua watu zaidi ya 80 katika Katesh na vijiji vya jirani. Maji hayakosekani tu. Huja pia yasipotakiwa. Hadithi hiyo bado yangoja mtunzi.

Na hapa naingia katika jambo linalonisumbua mimi mwenyewe. Fedha za Pumzi zilitoka wapi? Sehemu ilitoka mfuko wa sanaa wa Kenya uitwao Changamoto, sehemu katika Taasisi ya Goethe ya Wajerumani, na sehemu katika mpango wa kampuni ya Marekani, Focus Features, wa kuwasaidia watengenezaji wa filamu fupi wa Afrika. Ilipigwa picha Afrika ya Kusini, na Asha aliigizwa na Kudzani Moswela. Sioni aibu katika hayo. Kila mwenye kuchimba kisima huazima sururu. Lakini matokeo yake ni haya: watu wa Park City walikuwa na ukumbi wa kuitazamia mwaka 2010, na mama wa Endasak ameiona katika simu ya mwanawe, kioo kidogo kama kiganja, miaka mingi baadaye. Doctor Who ilipendwa kwanza na Waingereza wenyewe, nyumbani kwao, ndipo ikatoka. Filamu zetu za namna hii mara nyingi hupata sifa ugenini kwanza, ndipo jamaa wa nyumbani husikia. Wengine husema ni sawa tu, mradi imetazamwa. Mimi naona si sawa. Mtunzi asiyesikia watu wake wakicheka na kunung'unika mbele ya kazi yake hawezi kujua wapi amekosea juu ya punda na dumu.

Ndiyo maana barua ya mama huyu niliisoma mara tatu. Yeye ni mtazamaji wa kwanza wa filamu ile niliyepata kumsikia akiuliza swali la mtu achotaye maji kweli. Tena katika mstari wake wa mwisho ameandika hivi, nami namsomea kama alivyoandika: "Yule msichana alimwaga maji yote mara moja. Mche haumwagiliwi hivyo. Ungetiwa kidogo kidogo jioni."

Sasa kalamu mikononi. Maneno ya kusoma na kuandika leo ni haya: pumzi, udongo, mbegu, mche, jangwa, kibali, tamasha, mtazamaji. Kila mtu ayaandike mara mbili, kisha amsomee jirani yake.

Jibuni maswali haya kwa kuandika. Kwa nini Baraza lilimnyima Asha kibali? Howard Da Silva alifanya kazi gani, na katika banda la video ni nani afanyaye kazi hiyo? Je, mama wa Endasak ana haki juu ya kumwagilia mche? Wakulima, hilo la mwisho mlijibu kwa urefu.

Wale waliokwisha maliza kitabu cha pili watunge sentensi tano, wakianza hivi: "Mwaka 2060, kisima chetu..." Mwalimu azikusanye na kunitumia. Nitazisoma zote, na baadhi tutazisikia hapa redioni, wiki ijayo saa hizi hizi. Kwaherini.